Nzuri, Lakini

Kiwandani kwetu Krismasi ilikuwa kitu cha chuma. Ulikuwa wavu uliopakwa rangi ya manjano, unaofungwa mbele ya mashine ya presi ili mkono wa mtu usiingie chuma kinaposhuka. Tuliuita Krismasi kwa sababu tuliuona mara moja kwa mwaka, siku ya wageni. Siku nyingine zote ulilala stoo nyuma ya mifagio. Ukiwa umefungwa kazi inaenda polepole, na supavaiza wetu hakuwa mtu wa kungoja.

Tulitengeneza vifuniko vya bati vya mishumaa ya manukato. Mishumaa yenyewe ilimiminwa banda la pili, ikabandikwa karatasi ya kusema imetengenezwa kwa upendo, ikapelekwa ng'ambo. Huo upendo sijui walikuwa wanautoa wapi. Mimi nilikuwa mpakiaji, na dada yangu mkubwa alikuwa kwenye presi. Tuliishi chumba kimoja mtaani Mukuru kwa Reuben, mimi, yeye na binti yake, na kila asubuhi tulisimama getini na vibarua wengine kungoja kuitwa.

Presi ilikuwa imeshamgusa mara mbili. Mara ya kwanza ilichukua ukucha. Mara ya pili ilichuna ngozi ya kidole cha kati, na supavaiza akamrushia kitambaa akamwambia, "Pole. Songa na kazi." Tangu siku hiyo dada akawa anashtuka usingizini na kuvuta mkono wake chini ya blanketi.

Kwa hiyo tuliposikia wageni wanakuja, wale wa kampuni inayonunua mishumaa, wanaokagua kama tunatendewa kama watu, alikata shauri.

"Mimi nitawaambia," alisema akimenya viazi. "Nitawaambia huo wavu ni wa leo tu, wakitoka unarudi stoo. Waandike ukae."

"Watakufuta kazi."

"Wacha wanifute nikiwa na vidole kumi."

Siku yenyewe Krismasi ilifungwa mapema. Tukagawiwa glavu na barakoa, supavaiza akipiga kelele, "Msizichafue, zinarudi!" Mgeni alikuwa mama wa kizungu, mwenye uso wa huruma kabisa, na alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo kwenye kitabu. Afisa wa wafanyakazi alitembea kando yake kumtafsiria. Walipofika kwenye presi, yule mama akamwinamia dada yangu akitabasamu.

"Habari ya kazi?"

"Nzuri," dada akajibu, "lakini..."

Anayejua Kiswahili ameshaelewa. Unaweza kuwa umetoka kuzika asubuhi, na mtu akikuuliza habari unasema nzuri kwanza, kisha lakini, na kilichokuleta kinakuja nyuma ya hiyo lakini. Tulilelewa hivyo. Mama yetu alikuwa anatufinya sisi binti zake tukimpokea mgeni kwa malalamiko.

Yule mzungu hakulelewa na mama yetu. "Nzuri! Asante sana!" akasema, akifurahi kwamba ameelewa jibu, akagusa kompyuta yake ndogo na kugeuka. Afisa akamshika kiwiko, akamsogeza kwa mashine ya pili. Dada akabaki mdomo wazi. Mimi nilikuwa hatua nne tu, nimebeba katoni. Ningeweza kuita. Niliogopa kufutwa, nikainama nikapanga vifuniko, na kwa hilo nitajichukia hadi nizikwe.

Gari la wageni halijafika barabara ya lami, fundi akaanza kufungua Krismasi kwa spana.

Siku ya tatu, kabla ya chai, presi ilishuka juu ya mkono wa kulia wa dada yangu. Ilichukua vidole vinne. Alilia mara moja tu. Wakati wanamtoa nje, supavaiza aliangalia bati zilizorukiwa damu, akaniangalia mimi, akasema, "Hizo zinaoshwa." Nikaziosha. Nikazikausha na kuzipaki, na mahali fulani kuna mtu amefunua kifuniko changu, akawasha mshumaa wake, akasema unanukia vizuri.

Nilipoenda kumlilia afisa, alinionyesha ripoti kwenye simu. Ilisema presi ina wavu wa usalama, na kwamba mfanyakazi wa mashine hiyo alithibitisha, kwa lugha yake mwenyewe, kuwa kazi ni nzuri. "Si alisema mwenyewe?" akaniuliza.

Presi ilihitaji mtu. Wakaniweka mimi. Nilikubali, kwa sababu sasa tulikuwa watu watatu kwa mikono yangu miwili.

Mwaka ukazunguka, Krismasi ikatoka stoo. Usiku wa kuamkia wageni dada alinikalisha kitandani kama mtoto wa mtihani. "Usianze na nzuri. Salamu waachie. Akiuliza tu, sema mbaya."

Alikuja yule yule, na tabasamu lile lile.

"Habari ya kazi?"

"Mbaya," nikasema.

Supavaiza aliacha kupumua. Yule mama akanitazama, akafikiri kidogo, kisha akacheka kwa upole na kunigusa bega.

"Hapana, dada," akasema. "Tunasema nzuri."

Afisa akacheka. Supavaiza naye akacheka, karibu aanguke.

"Mbaya," nikarudia. "Kazi ni mbaya."

"Nzu-ri," akasema polepole, akinionyesha kwa midomo. Afisa akamwambia kitu kwa Kiingereza, nikasikia neno la shule, kwamba sikwenda. Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akaandika, akaenda.

Jioni nyumbani nilimkuta dada amepiga magoti kwenye karai, anakamua sare yangu ya pili kwa mkono mmoja, ameibana pajani.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Akajibu nini?"

"Amenifunza Kiswahili."

Alicheka hadi akakaa chini kwenye maji. Kisha akaacha kucheka, akaushika mkono wangu wa kulia na kuukagua kidole kwa kidole.

"Krismasi iko wapi?"

"Stoo."

Akauachilia, akarudi kukamua, kwa maana sare ilitakiwa iwe imekauka asubuhi.