Spika za Mayige na za Selestini

Miaka ile soko huria lilipoingia Bariadi, wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, na vijana wakapata hela za kuchezea. Mayige wa Nkololo naye alirudi kutoka Dar es Salaam na spika mbili, amplifaya na boksi la kaseti za rege. Akakodi ukumbi wa baa ya Generoza. Jumamosi jenereta ikinguruma, mji mzima ulihamia pale. Walokole peke yao ndio waliobaki nyumbani, na hao nao walisikilizia dirishani.

Msinicheke nikisema mtu yule alikuwa mpweke. Mpiga muziki hachezi. Mayige alisimama nyuma ya meza yake huku watu wakicheza wawili wawili na kumwita jina, na baa ikifungwa kila mmoja aliondoka na wake. Hakuna aliyemuuliza kama amekula, isipokuwa Selestini, karani wa pamba aliyelelewa misheni. Huyo alibaki kumsaidia kukunja waya, kisha wakala ugali uliopoa. Mayige alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, ingawa hakuwahi kumwambia.

Msimu mmoja Selestini naye akanunua spika. Mji wetu hauna dogo! Kabla mwenyewe hajasema neno, vijana walikwishamfikia Mayige: "Rafiki yako anataka kukupindua." Wakapanga na siku, mashindano kama ya Wagika na Wagalu, vile vyama vyetu viwili vya ngoma: uwanja mmoja, kila upande unapiga vyake kwa wakati mmoja, na mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Sasa, babu yake Mayige alikuwa manju, kiongozi wa ngoma wa Wagalu. Katika nyumba ile mtoto alifundishwa mapema: siku za mashindano usimpe mpinzani mkono wala usile naye, usije ukafanyiwa dawa, hata akiwa shemeji yako. Yakiisha, mnachinja kuku mnakula pamoja.

Selestini akaja mchana mmoja, mkono mbele.

"Mwadila, Mayige."

"Mwadila." Mayige akaweka mikono nyuma.

"Nina neno nataka tuongee."

"Tutaongea uwanjani." Akafunga mlango.

Kumbe moyoni alikuwa na mpango wake: mashindano yakiisha, ashinde asishinde, atamwomba Selestini waunganishe mashine, wapige wote, asisimame tena peke yake nyuma ya meza ile. Mtu mzima na akili zake, si angesema tu? Lakini alishika ya kwao, akaona anamheshimu rafiki yake kwa kumtendea kama mpinzani wa kweli.

Siku ikafika. Mwanzoni watu walijaa kwa Selestini, maana kipya kinyemi. Mayige akaweka rege ya polepole, yenye besi ya kutikisa kifua. Wacheza ngoma wa Mwamapalala, waliokuja na njuga zao miguuni, wakaanza kuijibu ile besi kwa vishindo. Basi, uwanja ukamiminika upande wa Mayige. Selestini akabaki na jenereta yake, akaizima.

Mayige alivuka uwanja karibu anakimbia. "Ndugu yangu, yameisha. Njoo tuunganishe mashine, tupige wote."

Selestini alikuwa ameinama, anakunja waya. "Nilizinunua kwa ajili hiyo hiyo. Ndilo neno nililokuja nalo kwako."

"Kwetu siku za mashindano hatushikani mikono. Nilidhani unajua."

"Mimi ni mtoto wa misheni, Mayige. Nilijua umenichoka." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma. "Nimeshaziuza. Mwenyewe yule pale na pikapu yake. Nami nimeomba kazi Kahama, naondoka naye sasa hivi."

"Mwambie umeghairi."

"Kazini nimeshaaga. Chumba nimeshakirudisha."

Kaseti ya Mayige ilikuwa imefika mwisho, watu wakaanza kupiga miluzi.

"Nenda," Selestini alisema. "Watu wako wanakuita."

Mayige akarudi, akageuza kaseti. Uwanja ukalipuka kwa vifijo, vijana wakambeba juu mabegani wakilitaja jina lake. Kutoka kule juu aliiona vizuri ile pikapu ikishika barabara ya Maswa, spika zimefunikwa turubai, na Selestini ameketi juu yake, ameupa uwanja mgongo.