Kikombe cha Pili cha Mwanangu

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama wewe ni mwanangu basi marahaba. Nifichie jina, huku kwetu Rungwe watu tunajuana mno. Mimi ni mama wa miaka sitini na kidogo, mjane, shule niliishia la nne, kwa hiyo mnivumilie nikikosea. Nina watoto wawili walio hai. Wa kike nitamwita Tusa, anafundisha chuo kikuu mbali huko. Wa kiume nitamwita Amba, niko naye hapa nyumbani Nkunga, analima parachichi na kuchuma chai.

Amba alizaliwa pacha. Mwenzake hakumaliza wiki, tukamzika hapo nyuma kwenye migomba. Mama mkwe wangu alinishika mdomo kwa kiganja, akaniambia, "Usilie. Ukilia, huyu aliyelala atamwita mwenzake. Na huyu aliyebaki, kila unachompa, mpe viwili. Kimoja chake, kimoja cha mwenzake, ale yeye vyote." Ndivyo nilivyofanya mpaka leo. Ndizi mbili, mayai mawili, vikombe viwili vya chai. Amba hajaoa mpaka sasa, ukimuuliza anacheka, "Mwanamke gani atakubali kupikia mume mmoja sahani mbili?" Kwetu halikuwa jambo la kuongelea. Lilikuwa la jikoni tu.

Sasa Tusa akapata wazo la kuandaa warsha hapo Tukuyu mjini, kuhusu mapacha. Alitaka awakusanye madaktari, watu wa historia, wachungaji, mashehe, na nesi mmoja mstaafu wa hospitali ya Makandana aliyezalisha sana, maana anasema kila mmoja anajua kipande chake na hawajawahi kukaa meza moja. Nikamwambia, "Si uwaite tu waje, nitapika." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, wasomi hawaji kwa maharage. Lazima niandike andiko, niombe wafadhili." Akaandika, wakamkataa. Walisema hawaoni kwa nini watu wa elimu tofauti hivyo wakutane sehemu moja.

Alikuja likizo akiwa amekonda. Alikuwa amekaa jikoni na kompyuta yake, mvua inanyesha, mimi nikamwekea Amba vikombe vyake viwili kama siku zote. Tusa akaviangalia. Ameviona tangu utoto, lakini siku hiyo aliviangalia kama mgeni. Akaniambia, "Mama, hebu nielezee vizuri hivi vikombe." Nami kwa kumhurumia nikamweleza yote, mpaka kiganja cha bibi yake. Akaandika huku machozi yanamtoka. Hivyo vikombe ndivyo alivyoanza navyo kwenye andiko jipya, kwamba daktari atasema hivi, mchungaji atasema vile, na mama aliyevimimina naye atasema lake. Wakakubali. Siku aliyonipigia simu nilipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna posa. Nikasema ndaga, asante Mungu wangu.

Furaha ikaishia kwenye ratiba. Wafadhili walipendezwa sana, wakaomba siku ya kufungua mimi na Amba tukae mbele, nimmiminie vikombe viwili, wapige video. Tusa akakubali. Hakumuuliza kaka yake. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukumbuka kwamba aliyekuwa anakunywa hivyo vikombe ni yeye.

Alipokuja kutusomea ratiba, Amba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Dada, umemwombea mwenzangu hela?"

Tusa akamwambia, "Kaka usiseme hivyo. Ni heshima. Watu wakubwa watasikia habari zake."

"Yeye amewaomba wamsikie?"

Amba akasogeza kikombe kimoja upande wangu. "Mama, kuanzia leo nipe kimoja. Cha pili wawekee wageni wa dada."

Tangu siku hiyo anakunywa kimoja. Mimi mkono umezoea, bado namimina viwili. Cha pili kinabaki mezani, kinapoa, kinaota utando juu, na hakuna wa kukinywa. Kukimwaga naogopa. Nilijaribu kukinywa mwenyewe, haishuki, inakaa hapa kooni kama kile kiganja. Nikienda kukata mkungu nahisi kuna mtu nyuma yangu, ana urefu wa Amba kabisa, nikigeuka ni majani tu yanadondosha maji ya ukungu. Na Amba ameanza kukohoa. Anasema ni mvua ya shambani. Hospitali wamemwangalia, wakasema kifua hakina shida. Lakini anakohoa mara moja, ananyamaza, anainua kichwa kama mtu aliyeitwa.

Nikimwambia Tusa aiondoe hiyo sehemu, analia. "Mama, hiyo ndiyo iliyofanya wakubali. Nikiitoa watasema niliwadanganya, na sitaaminika tena. Njoo hata wewe peke yako, umimine tu." Nimimine mbele ya watu wasiomjua, na mwenye kunywa hayupo? Na yule wa migombani akija kuona kikombe chake kiko mbele ya kamera, atamfuata nani?

Warsha imekaribia. Nikienda, namtoa mmoja. Nisipoenda, namwangusha mwingine. Wote nimewanyonyesha mimi.

Nawaandikia asubuhi hii, Amba ameshaenda kwenye chai. Amekunywa chake. Cha pili kipo hapa mbele yangu, kimeshapoa. Nyie mliosoma na nyie mliozaa, niambieni, nikichukue nimpelekee nani?