Milango Kumi ya Ploti Yetu

Harufu ya gundi ya viatu ndiyo iliyonilea. Baba yangu alikuwa fundi wa viatu huko Lindi, sehemu ya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, na kibanda chake kilikuwa kimeegemea mwingilio wa ploti yetu, hivyo hakuna aliyeingia wala kutoka bila kuipitia harufu hiyo. Iliingia katika nywele, katika chapati, hata katika daftari langu la hesabu. Mwalimu wangu wa darasa la tano aliwahi kuninusa akaniuliza kama kwetu tunapika soli. Sikukasirika. Nilikuwa mtoto mwenye majivuno, na niliamini kwamba mtu anayenuka kazi ni bora kuliko mtu anayenuka sabuni tu. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi vya mabati na udongo, vitano huku na vitano kule, katikati mtaro mwembamba ambao kila mmoja wetu alikuwa ametumbukia ndani yake angalau mara moja. Sisi tulikuwa Wakamba wa Machakos. Mbele yetu, ng'ambo ya mtaro, aliishi Mama Wambui, fundi wa cherehani aliyetoka Murang'a, na bintiye Wambui, rika langu na mwandani wangu. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mama Otieno, mjane mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliyefuga kuku wanne chini ya kitanda chake na kutugombeza watoto wote bila kubagua.

Sikumbuki ni lini nilianza kuchora, lakini nakumbuka vizuri nilichorea nini. Penseli za rangi nilikuwa nikiziona dukani tu, basi nikajitafutia zangu. Makaa ya jiko yalinipa nyeusi ya moshi, rangi ya viatu ya baba ikanipa nyeusi inayong'aa. Majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili yalitoa kahawia ya udongo, sukuma wiki iliyotwangwa ikatoa kijani ambacho kilifanya madoa baada ya siku tatu na kumkasirisha mama, na mbingu zangu zote zilitoka katika bluu ya kufulia. Nilichora juu ya katoni, kisha nikabandika: vipande vya ngozi, maganda ya mayai ya kuku wa Mama Otieno, vijiti vya kiberiti, na vitambaa. Vitambaa ndivyo vilivyokuwa utajiri wangu, navyo vilitoka kwa Mama Wambui. Kila jioni alifagia chini ya cherehani yake, akanifungia mabaki katika gazeti. "Shika, fundi wa picha," aliniambia. "Lakini ukiwa mkubwa usinisahau." Mama yangu alisema ninakusanya takataka. Baba alisema mwacheni, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilidhani ananisifu.

Likizo ya Desemba mwaka 2007 nilifanya kazi kubwa kuliko zote. Nilichukua katoni la televisheni ambalo mtu wa Ayany, mtaa wa jirani, alikuwa amelitupa, nikalipasua, nikachora ploti yetu nzima: mtaro katikati na milango kumi, kila mlango mahali pake, kila kufuli na kila kutu. Nilienda nyumba kwa nyumba nikaomba kipande cha pazia la kila familia, nikakibandika kwenye mlango wake kwa uji mzito wa unga wa ngano. Pazia la Mama Wambui lilikuwa la maua ya manjano. Nilipomaliza niliona kuna kitu kimepungua, basi chini ya kila mlango nikaandika jina la anayekaa humo kwa mwandiko wangu bora, ule uliokuwa umenipatia zawadi shuleni. Kwetu mtu mzima haitwi jina lake, huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, nami niliandika hivyo hivyo: Mama Wambui, Baba Mutheu, ambaye ni baba yangu, kwa kuwa Mutheu ni mimi, Mama Otieno, na wengine saba. Ploti nzima ilitoka kuja kutazama. Watu wazima walijitafuta kama watoto, wakicheka. Baba aliifunika kwa karatasi ya nailoni na kuipigilia misumari kwenye ubao wa nje wa kibanda chake, na tangu siku hiyo mgeni akiuliza anakoishi fundi wa cherehani aliambiwa, "Angalia picha." Ilikaa hapo wiki tatu, na kufikia mwisho wa wiki ya tatu hakuna aliyekuwa akiiona tena. Kitu cha kila siku hakionekani.

Kisha watu wakapiga kura. Sitaeleza yaliyotokea kwa wakubwa wa siasa, sikuyajua na hata sasa siyajui yote. Mimi najua kwamba siku matokeo yalipotangazwa kelele ilipanda kutoka upande wa reli, na asubuhi iliyofuata mbingu, kwa moshi, haikuwa na bluu hata kidogo. Tulisikia kwamba vijana wanapita ploti baada ya ploti wakiuliza nani anakaa wapi, na jina la mtoto wako, kwa kuwa lilitaja kabila lako, lilitosha kukuhukumu. Mama Otieno, ambaye kabila lake lingemlinda kwa vijana wale, angeweza kujifungia na kuku wake akatulia. Badala yake aliwaita watu wazima wote. "Sikizeni," alisema. "Kila mtu aingie kwake, mimi nifunge kufuli kwa nje. Nitasema wote mmeenda ushago, kwenu mashambani. Na hapa hakuna anayejua jina la mtu. Mmenisikia? Hakuna jina." Wote waliitikia. Akaturudisha vyumbani, akafunga kufuli moja baada ya nyingine, akafungia funguo zote katika pindo la leso yake. Mpango ulikuwa mzuri. Hata mimi niliona ni mzuri. Tulikaa gizani na baba na mama siku nzima, tukila mahindi baridi, na Mama Otieno akatupitishia maji chini ya mlango.

Walikuja siku ya pili, asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Kwenye ukuta wetu wa mabati palikuwa na tundu la msumari, nami niliweka jicho hapo. Niliwaona kama wanane hivi, wengine niliwajua kwa sura. Mama Otieno alisimama kwenye mwingilio, mikono kiunoni, bega lake likikaribia kibanda cha baba.

"Mathe, hii ploti iko na kina nani?" mmoja aliuliza.

"Walienda ushago Krismasi. Nimebaki mimi na kuku."

"Si utuonyeshe tu nyumba za hao watu. Wewe hatukugusi."

"Mimi sijui mtu. Mimi hulipa nyumba yangu, nafunga mlango, nalala."

Walisitasita. Nadhani walikuwa karibu kuondoka, maana wawili walikuwa wameshageuka. Ndipo nilipoona, juu kidogo ya bega la Mama Otieno, nailoni ikimetameta kwa jua. Sijui kama nimewahi kuogopa hivyo tena maishani. Niliiona picha yangu kabla wao hawajaiona. Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele ingetuua, na nilitaka kumwambia baba, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Kijana mmoja mwenye kofia ya sufu aliinua kichwa. "Aah, cheki hii. Wote wako hapa. Mpaka majina." Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, polepole, kama mtoto wa darasa la pili, nami nikifuata midomo yake kupitia tundu, na kila jina alilolisoma nilikuwa nimeliandika kwa ule mwandiko wangu wa zawadi. Alipofika kwa Mama Wambui akahesabu milango kwa kidole. "Wa tatu, mkono wa kushoto." Kisha akasoma jina la baba. "Mutheu ni Mkamba. Hao tutawarudia."

Mlango wa Mama Wambui haukuvunjwa. Walimshika Mama Otieno wawili wawili kila mkono, wakasikia funguo zikilia katika leso yake, wakampokonya, wakamsukuma akaanguka mtaroni nyuma ya kibanda, mahali pasipoonekana kutoka milangoni, na wakajaribu funguo moja baada ya nyingine mpaka kufuli ikafunguka. Mama Wambui alitolewa akiwa amekumbatia cherehani yake kama mtu anavyombeba mtoto. Walimwambia aiache, hakuiacha, ndipo rungu likashuka kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Niliusikia mfupa. Cherehani ilienda, vitambaa vyote vikarundikwa uani na kuwashwa moto, na kwa dakika nzima harufu ya pamba inayoungua ilizidi kila harufu niliyoijua. Wambui alisimama na kaptura ya shule iliyoshonwa nusu mkononi mwake, ya mteja, sijui kwa nini aliiokoa hiyo. Aliutazama mlango wetu. Alijua niko ndani. Hakuita. Nyuma yangu baba alikuwa amesimama na nyundo yake mkononi, jasho likimtoka, kisha nikasikia akiiweka chini taratibu. Mama alikuwa ameniziba mdomo ingawa sikuwa nimesema neno. Mama Wambui na bintiye wakaondoka wakielekea uwanja ambako watu walikuwa wakikusanyika, bila hata sufuria, nasi hatukufanya lolote. Hakuna njia ya kulisema hili likawa zuri.

Vijana walipohamia ploti nyingine, Mama Otieno alipanda kutoka mtaroni, akaokota funguo, akatufungulia. Baba alienda moja kwa moja kibandani, akaing'oa picha pamoja na misumari yake, akaitupa katika moto wa vitambaa. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Hukuchora kitu. Hakukuwa na picha." Mama Otieno alisimama pale akiwa ametapakaa tope, damu ikimtoka kwenye kiwiko, akanitazama mimi, akautazama ule ubao mtupu. Alikuwa ameelewa. Majirani walikuwa wanatoka vyumbani, na mmoja aliuliza walijuaje, mbona walienda moja kwa moja. Mama Otieno alifuta damu kwenye kiwiko kwa kiganja. "Hao watu wana macho yao," akasema, akaenda kutafuta kuku wake.

Tulihamia Kawangware kabla jua halijatua, kwa shangazi yangu, na huko nikakuta mambo yaleyale yakitembea kinyume. Huko waliofukuzwa walikuwa watu wa magharibi. Katika ploti ya shangazi alikuwako mwashi mmoja kutoka Vihiga, upande huo wa magharibi, mtu mpole aliyekuwa na watoto wadogo watatu. Alisikia kwamba mimi ni mchoraji, naye alitaka mlango wake uwe na jina la kabila la waliokuwa wakifukuza. Alikuja na kopo la rangi nyeupe na brashi, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Mtoto mzuri, niandikie tu hapa mlangoni. Andika Mama Njoroge. Wewe uko na mwandiko." Nilishika brashi. Mkono haukwenda. Nilisimama mbele ya mlango ule mpaka rangi ikanitiririkia kwenye kiwiko, halafu nikalia, na shangazi akamwomba radhi akisema mtoto amechoka. Akaandika mwenyewe, herufi kubwa zilizopinda, ambazo hata kipofu angejua zimeandikwa na mtu mwenye hofu. Siku ya tatu chumba chake kilikuwa kitupu na watu wengine wanaingiza vitanda vyao. Nilikuwa nimeharibu kwa kuandika, na sasa nimeharibu kwa kukataa kuandika. Ukimweleza mtoto wa miaka kumi na moja kwamba hana kosa, atakuitikia, lakini hatakuamini.

Siku hizi naishi Riruta, dakika chache tu kutoka kwa shangazi, na bado nachora. Nina meza yangu karibu na dirisha, nina rangi za tyubu, gundi isiyonuka, karatasi nzito, na vitambaa ninavyonunua kwa kilo. Watu husema kazi zangu ni za kubandika na kuchora kwa pamoja, kana kwamba ni mtindo niliojifunza mahali. Nachora mboga, nachora mabati, nachora kamba za nguo. Mwaka jana, katika soko la Kawangware, mwanamke aliyekuwa akiuza mitumba alinishika mkono akanivuta kifuani kwake. Alikuwa Mama Wambui. Mkono wake wa kulia haunyooki. Wambui ameolewa Nakuru, ana watoto wawili. Tulicheka, tukafuta machozi, kisha nikamwuliza kama amesikia kwamba Mama Otieno amefariki. Uso wake ukakunjamana.

"Nilisikia. Waliniitisha mchango, sikutoa hata ya maua," alisema. "Nilisikia sauti yake kwa mlango wa ploti akiongea na wao, Mutheu, maneno ya wale vijana sikuyashika. Halafu nikasikia ufunguo. Hawakubahatisha, walikuja kwangu direct. Na funguo zilikuwa na nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Na alijua. Nilituma watu wamuulize mara mbili, hakujitetea hata na neno moja."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mteja akaja kuuliza bei ya koti, na alipoondoka nikasikia sauti yangu ikisema pole, mama. Aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia, naye akafurahi kwa namna ambayo ingekuwa afadhali anipige. "Sasa nichoree ile ploti yetu," akasema. "Sina picha hata moja ya pale. Weka mlango wangu, weka wenu, weka wote. Lakini huyo mwanamke usimweke."

Wakati ule, kwa makaa na majani ya chai, nilichora milango yote kumi katika wiki moja. Sasa nina kila rangi iuzwayo Nairobi na nimefikisha tisa, mlango wa mwisho ukiwa bado mtupu, na ubao umeegemea ukuta wa sebule tangu Agosti. Jana Mama Wambui alipiga simu kuuliza kama iko tayari. Nilimwambia rangi bado haijakauka.