Injinia na Seva ya Zahanati

Pale zahanati hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Injinia, mwanzoni kwa utani, naye akaupokea utani ule kama cheo. Bisibisi haikumtoka mfukoni mwa shati. Kompyuta yoyote ikigoma hakukosa la kusema, na mara nyingi kosa lilikuwa la mwingine: umeme, vumbi, au vidole vya makarani.

Jumatatu moja asubuhi seva, ile kompyuta kuu ya zahanati, ilikataa kuamka. Mafaili yote ya wagonjwa yalikuwa humo, na mabenchi yalishajaa watu. Skrini ilikwama palepale, ikisema inasubiri mtandao. Injinia akaizima, akaiwasha katika hali ya uokoaji, ile ambayo mfumo wake wa Linux huamka nusu tu ili fundi apate kuitengeneza. Akajaribu kuiita kompyuta ya mapokezi kwa mtandao. Kimya. Akarudia. Kimya.

Sasa, katika hali ile mtandao hauwaki mpaka fundi auwashe mwenyewe. Injinia alilijua hilo vizuri sana. Lakini muuguzi mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni, na mtu mwenye sifa akitazamwa hivyo akili humruka.

"Tatizo ni nini?" muuguzi mkuu akauliza.

"Waya umekatika. Kuna mtu kauvuta wakati wa kupiga deki."

Ulimi hauna mfupa. Mpiga deki pale alikuwa mmoja tu, naye ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, na aliyemwombea kazi kwa muuguzi huyuhuyu. Injinia alikumbuka neno likiwa limeshatoka. Angeweza kulirudisha. Badala yake akainamia kibodi, akajifanya ana shughuli.

Mama mdogo akaitwa. Akaishia mlangoni na ndoo yake, asije akachafua sakafu kwa viatu vilivyolowa.

"Umegusa waya wa humu?" muuguzi mkuu akamuuliza.

Alifikiri kidogo. Akautazama mgongo wa mwanawe, maana Injinia hakugeuka.

"Kama yeye amesema, basi nitakuwa niliugusa. Nisamehe, mama."

"Watu wanaumwa huko nje, wewe unaniambia nisamehe? Nenda kanisubiri ofisini. Leo tunaachana."

Wakaondoka wote wawili. Injinia akabaki peke yake, na sasa akafanya kile alichopaswa kufanya kwanza: akauwasha mtandao kwa mkono. Mashine ikamjibu kwamba kadi ya mtandao iliyotajwa haipo. Akafungua mipangilio na kusoma, akakumbuka. Ijumaa jioni yeye mwenyewe alichomoa kadi ya zamani, akachomeka mpya, akaenda zake kutazama mpira bila kuiwasha seva aone kama inafanya kazi. Jina la kadi ya zamani lilikuwa bado limeandikwa mle. Seva ilikuwa ikisubiri kadi iliyolala kwenye droo ya meza yake.

Katika hali ile diski husomeka tu; akaifungulia iweze kuandikika, akabadilisha jina, akaiwasha upya. Ikaamka bila shida.

"Injinia, wewe ni kiboko!" karani wa mapokezi akasema alipompita. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, akatembea haraka kabla hajapata kisingizio kingine.

Ofisini, mama mdogo alikuwa amesimama, aproni ameshaivua na kuikunja.

"Waya haukuguswa," Injinia akasema. "Mimi ndiye niliyekosea, tangu Ijumaa. Nimemsingizia."

Muuguzi mkuu akamgeukia mama mdogo. "Sasa mbona ulikubali?"

"Yeye ndiye anayejua mashine, na mtoto huyu hajawahi kunidanganya. Nimejaribu kukumbuka niliugusa saa ngapi, nisikumbuke. Nikajua ndio uzee umeanza kunipotezea akili." Akamgeukia mwanawe, uso umemchangamka. "Kwa hiyo sijaanza kusahau?"

"Hujaanza, mama."

"Afadhali," akasema, akamshika mkono na kumshukuru.