Uso wa Kaka Kwenye Ziwa la Moto

Saa tatu asubuhi, Mama Rangi yuko juu ya jukwaa la mbao, brashi mdomoni, kitambaa chenye mafuta ya taa mkononi. Anafuta uso wa mtu anayeungua jehanamu, tena anaufuta mbiombio, maana mwenye uso yuko njiani anakuja!

Huu ni ukuta wa nyuma ya madhabahu. Kanisa limempa kazi ya kuchora siku ya hukumu: kulia waliookoka, kushoto ziwa la moto. Pazia litafunguliwa Jumapili.

Mchoraji huyu wa miaka hamsini na minne hawezi kuchora uso asioujua. Kwa waliookoka alichukua wanakwaya, wakagombania nafasi, acha tu! Lakini nani akubali kukaa kitini achorwe akiungua? Hao aliwatoa kichwani, mkono ukijiendea.

Juzi mzee wa kanisa alikuja kukagua. Akakuna kidevu, akamuuliza Mama Rangi kama yule mwenye pengo la jino, kule motoni, si kaka yake. Kumbe ndiye, hakuna cha kubishana: kaka aliyeuza nyumba ya marehemu mama yao kimyakimya. Hawajasemezana miaka kumi na mmoja.

"Niliutazama uso ule upya," anasema. "Jehanamu naiamini na naiogopa. Lakini miaka yote nilikuwa najaza watu wengine mle. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza."

Mchungaji alipoelezwa, hakumkemea. Alimwambia fundisho hilo ni la kumshtua anayelisikia ili ageuke angali hai, wala si ufunguo wa kumfungia jirani. Hukumu ina mwenyewe.

Basi akampigia kaka simu, akamwamkia, akaungama yote. Kaka akauliza: "Mdogo wangu, umenichora na pengo langu?" Wakacheka mpaka wakalia. Kaka akaomba radhi kwa ile nyumba, akasema anakuja leo.

Wahenga walisema ndugu wakipatana chukua kapu ukavune. Mwandishi wa habari hii kapu analo!

Je, sasa atamhamishia upande wa waliookoka? Mama Rangi anatikisa kichwa. Hilo nalo si lake kuamua.

"Pale nitaacha moto mtupu," anasema, akishuka ngazi. "Kaka nataka Jumapili akae benchi la mbele, bega kwa bega na mimi. Tuutazame huo ukuta pamoja, na kila mtu ajiogopee mwenyewe."