Mstari wa Mkaa Mbele ya Runinga

Nilipokuwa bado wa kutumwa dukani kununua kiberiti, kila mtoto wa boma letu alijua kwamba runinga hunywa macho. Aliyetuambia ni Kogo, mama mzazi wa baba yangu, na Kogo hakuwa mtu wa kubishiwa, hasa na watu wanaokunywa maziwa yake.

Baba aliinunua mjini Sotik baada ya bonasi ya majani chai. Ilikuwa ile ya zamani yenye kichogo, ikitumia betri ya gari. Ilipowashwa mara ya kwanza, Kogo alisogeza mkono karibu na kioo. Vinywele vya mkono vikasimama, kioo kikatatarika. Akaruka nyuma, nusura amkalie paka.

"Mmeona?" akasema. "Inavuta! Leo imevuta nywele, kesho itavuta macho."

Siku hizi najua ule ulikuwa umeme mdogo tu uliokaa juu ya vioo vya wakati ule. Lakini nani angebisha, na nywele tuliziona zikisimama?

Kogo hakuishia kwenye maneno. Alileta sosiot yake, kile kijiti anachokichoma motoni na kusugulia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa. Akainama, akachora mstari mweusi sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, mbali na runinga.

"Hii ndiyo inalinda maziwa isiharibike," akasema. "Italinda macho pia. Mtu asivuke."

Sakafu ikioshwa, aliuchora upya. Ndugu zangu walikaa nyuma ya mstari kama wako kanisani. Mimi sikuweza. Kutoka pale nyuma niliona ukungu tu unaocheza, na nilidhani kila mtu anaona hivyo, kwamba wenzangu wanachekeshwa na sauti. Nilitaka kukaribia nisikie vizuri, ndivyo nilivyojidanganya. Basi nilijisukuma kwa makalio, kidogo kidogo, mpaka mdogo wangu Kibet anichongee.

"Kogo! Chelangat amevuka!"

Nilivutwa sikio mpaka nikazoea.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilinakili hesabu za ubaoni kombo, tatu nikiiandika nane, na mwalimu akamwambia Baba kwamba kichwa changu ni kizito, mwaka ukiisha nirudie darasa. Kurudia darasa maana yake Kibet angenikuta. Tungekaa dawati moja, mimi na huyo mchongezi! Nililia nikiwa nimejificha katikati ya michai, na hakuna aliyejua.

Jumapili moja mchana, tumetoka kanisani, nikavuka tena. Kogo akaja mkono juu. Kisha akausimamisha hewani. Alikuwa ameona nilivyokunja uso na kunyoosha shingo. Hakunipiga. Alinishika mkono tukatoka mpaka ukingoni mwa shamba, mahali bonde linapoonekana lote.

"Ng'ombe zetu ziko ng'ambo ya mto," akasema. "Ile imesimama peke yake ni gani?"

Kwetu hilo si swali la kumuuliza mtoto mkubwa. Ng'ombe wa nyumbani unamjua kwa rangi yake kutoka mlima wa pili, kama unavyomjua shangazi yako. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi.

"Kogo," nikasema, "ng'ombe wako wapi?"

Akanigeuza, akanitazama machoni. Halafu akapiga yowe. "Imekunywa! Imekunywa macho ya mtoto wangu!" Akakimbia ndani, akaifunika runinga kwa blanketi katikati ya mpira, wanaume wote wakiwa wanatazama, akamgeukia Baba.

"Kesho hakuna kuchuma chai. Unapeleka huyu mtoto hospitali, ama nimpeleke mwenyewe kwa miguu."

"Mama, mwalimu alisema ni kichwa tu."

"Huyo mwalimu alimuuliza juu ya ng'ombe?"

Kesho yake tulikwenda wote watatu.

Daktari wa macho alinipima, kisha akacheka kwa upole. "Shosho, TV haijakunywa kitu. Huyu haoni mbali. Anakaribia ndio aone."

Kogo alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa. Lakini mstari unabaki."

"Ubaki tu," daktari akasema. "Wakikaa mbali hivyo macho yanapumzika."

Siku nilipovaa miwani, nilishuka barabarani nikasimama kama mjinga. Chai ilikuwa na majani! Mimi nilikuwa nimeijua kama blanketi la kijani lililotandikwa mlimani, na sasa kila jani lilikuwa peke yake, liking'aa. Nikakimbia mpaka ukingoni mwa shamba, nikaanza kupaza sauti: yule mweusi mwenye doa begani, yule mwekundu aliyevunjika pembe, yule wa kijivu mwenye ndama! Nyuma yangu Kogo alipiga vigelegele mpaka wachumaji wa jirani wakaacha vikapu.

Darasa sikurudia. Kibet hakunikuta, na hadi leo hajanikuta. Mimi naendesha lori la majani chai, na ukungu wa Kabianga asubuhi haunitishi, kona naiona kabla haijafika.

Kogo alifariki akiamini runinga hunywa macho, na sikuwahi kumbishia. Mwalimu alinitazama kila siku akaona kichwa kizito. Kogo alichora mstari, akakaa akiangalia nani anavuka na kwa nini. Nampenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Sosiot ile niliirithi mimi. Runinga yangu ni bapa, iko ukutani, na mbele yake pana mstari mweusi ambao wageni huukanyaga wakidhani ni uchafu. Juzi binti yangu Chebet aliuvuka. Sikumvuta sikio. Nilimtoa nje.

"Ng'ombe gani ile kule ng'ambo?"

"Ile nyekundu ni yetu," akajibu bila hata kukunja uso. "Ile ya madoa pia. Na hiyo ingine ni ya jirani, iko kwa mahindi yetu."

Nikasukuma miwani yangu juu. Kweli, ilikuwa kwenye mahindi yetu, inatafuna.

"Macho yako ni mazima," nikamwambia. "Kimbia uifukuze, halafu rudi ukae nyuma ya mstari."

Akateremka mbio. Mimi nikabaki pale ukingoni, nikaanza kuwataja ng'ombe wetu mmoja mmoja kwa sauti kubwa, Kogo asikie.