Nilivyoiokoa laptop ya mdogo wangu, kisha nikaipeleka intaneti yetu Msumbiji

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naandika kwa sababu nina mtu wa kumshukuru na kosa la kukiri. Sitaongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Niko Newala, ni fundi cherehani. Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili, nikaacha shule nibaki na wadogo zangu watatu. Wawili wana miji yao sasa.

Wa mwisho, Hamisi, yuko mwaka wa mwisho chuoni. Alirudi nyumbani kuandika ripoti ya utafiti, na chuo kikampangia kuitetea kwa video, Alhamisi saa nne asubuhi. Asipoonekana, anasubiri mwaka mwingine.

Sasa laptop yake. Ilikuwa ya mkono wa pili, imechoka kabisa. Ukiiwasha unasonga ugali, unakula, unaosha vyombo (na kwa shida ya maji ya hapa, vyombo vinaoshwa kwa akili), ndipo inafunguka.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe ikaanza kugonga ndani, kama cherehani yenye sindano iliyopinda.

Nikamuuliza, "Ripoti umeihifadhi wapi kwingine?"

"Humo humo, dada."

Nikaacha cherehani, tukaibeba kwa fundi.

Fundi wa kwanza hapa mjini alitaka kupiga Windows upya, papo hapo. Nikamuuliza vitu vya ndani vitabaki? Akasema, "Tutaona." Nikaichukua laptop yetu. Mimi sikati kitambaa cha mtu kwa tutaona.

Kesho yake tukaenda Masasi kwa Mama Neema, mama mtu mzima mwenye duka la kompyuta. Tulipomwamkia tu, akaweka sikio kwenye mashine.

"Mmeiwasha mara ngapi tangu ianze kugonga?"

"Kama mara kumi, shangazi," Hamisi akajibu. "Nilidhani itazoea."

"Izoee nini, kufa?"

Akaichomoa hard disk, akaiunganisha kwenye kompyuta yake na kunakili kwanza ripoti, kabla ya kitu kingine chochote. Ikatoka nzima. Baadhi ya picha ziligoma, tukazisamehe.

Kisha akafunga SSD mpya, diski ya kisasa yenye kasi, na kuweka Windows. Wakuu, ile laptop iliwaka kabla sijamaliza kujifunga kanga vizuri. Sikuamini kuwa ni ile ile.

Nikamwambia nataka na router ya nyumbani. Macho yangu yalikuwa kwenye moja yenye antena sita, inapendeza kweli.

"Kwenu kuna waya wa fiber?"

"Hakuna."

"Hiyo haina pa kuweka laini, mwanangu. Utapata pambo la kabatini."

Ilikuwa mali yake, angeweza kuniuzia na nikaondoka nashukuru. Badala yake akanipa ndogo ya kuweka laini, yenye betri yake, umeme ukikatika inaendelea.

Nyumbani Hamisi akaipanga kwenye rafu upande wa mjini. Taa mbili za mtandao ziliwaka, tukajaribu video na mwenzake, safi.

Sasa kosa langu.

Alhamisi asubuhi Hamisi yuko bafuni. Mimi nafagia chumba, walimu wasione vipande vya vitambaa. Nikaiona router ina taa mbili tu, nikaionea huruma. Nikazunguka nayo nyumba nzima kama nabembeleza mtoto. Kwenye dirisha la nyuma, linalotazama bonde la Ruvuma, zikawaka zote nne. Nikaiacha pale, nimefurahi.

Saa nne kasorobo Hamisi anasema hakuna intaneti. Taa nne, intaneti hakuna! Tukazima, tukawasha, vile vile. Nikampigia Mama Neema.

"Mmeihamisha?"

"Nimeisogeza dirishani, taa zimejaa."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Bondeni."

Akacheka hadi nikaona aibu. "Umeihamishia Msumbiji bila pasipoti! Imeshika mnara wa ng'ambo, na laini yenu haina ruhusa huko. Irudishe ilipokuwa, izime, iwashe."

Huku ukingoni hata simu zetu hupokea ujumbe wa kukaribishwa Msumbiji, tunafuta tu. Sikufikiri router nayo inaweza kuvuka mpaka.

Hamisi akairudisha kwenye rafu, akaizima, akaiwasha. Aliingia saa nne na dakika sita. Nikasikia mwalimu akisema, "Tulikuwa tunakaribia kufunga kikao."

Nilikaa nje ya mlango, cherehani sikuigusa. Mteja alipokuja nikamwonyesha kidole mdomoni, naye akakaa. Maswali mengi sikuyaelewa. Nilichoelewa ni kwamba mdogo wangu hakukosa jibu.

Akatoka. "Nimepita, dada. Marekebisho madogo." Kisha akaongeza, "Ila router usiiguse mpaka niyamalize."

Nililia na kucheka kwa pamoja, mteja akabaki ananitazama.

Nilichojifunza: nakili kwanza, ukarabati baadaye. Na wingi wa taa si intaneti, fungua kitu uone kama kinafunguka.

Mama Neema, popote ulipo, Mungu akuzidishie. Ulinikataza kununua kitu dukani kwako mwenyewe.

Wakuu mnaokaa mipakani, ninyi mnaizuiaje router isihame nchi? Nifundisheni, nami nitasoma kila jibu.